Treni Haifiki Milanzi, Lakini Mgomo Tunaujua

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Ufipa ikiwa haijalegea, nilifika Soko la Mandela mjini Sumbawanga kutafuta maharage. Mbele ya ghala moja fuso lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, bodi imefunguliwa, ubao wa kupandia umeegemezwa tayari. Hakuna aliyekuwa akipakia. Vijana kama kumi walikuwa wameketi juu ya magunia yaleyale waliyotakiwa kuyabeba, viroba vya kukingia mabega vikining'inia shingoni, wanakunywa chai ya rangi.

Shida ilikuwa lumbesa. Walipatana na tajiri kubeba gunia la debe sita, na lililowekwa mbele yao lilikuwa la debe saba, limeshindiliwa mpaka mshono wa juu umevimba. Mzigo umeongezeka, malipo yamebaki palepale. Kiongozi wao, kijana mwembamba asiye na maneno mengi, hakupaza sauti. Alilipiga gunia kofi moja, likatoa mlio mzito wa kitu kisicho na nafasi ndani. Kila aliyekuwa karibu alielewa bila kufafanuliwa.

Baada ya robo tatu ya saa hivi, tajiri aliongeza shilingi 200 kwa kila gunia, na kazi ikaanza. Muda wote huo soko lilikuwa upande wa vijana: mama lishe, bodaboda, hata wakulima ambao mahindi yao yalikuwa humo ghalani yakisubiri kuondoka. Sikumsikia hata mmoja akisema vijana wana kiburi, wala kwamba wafukuzwe waletwe wengine.

Kisha dereva wa lile fuso, aliyeizoea njia ya Tunduma, akaleta habari ya reli. Alikumbuka mwaka 2014, wafanyakazi wa TAZARA upande wa Tanzania walipoweka vifaa chini wakidai mishahara ya miezi kadhaa, na abiria wakakwama stesheni na watoto na mizigo. Hapo mazungumzo yakageuka. Watu walewale waliokuwa wakiwatetea wabeba magunia wakaanza kuwasema watu wa reli: wana ajira, wana sare, wana bima ya afya, mwezi ukiisha mshahara unaingia benki, sasa wanataka nini tena? Mwingine akasema anayegoma kwenye mali ya taifa anamgomea mwananchi.

Niliondoka na maharage yangu, lakini mabadiliko yale ya sauti sikuweza kuyaacha sokoni.

Mimi ni mtu wa Milanzi. Leo Milanzi ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, lakini katika simulizi za Wafipa ndiyo chimbuko la utawala wote wa nyanda hizi. Reli haijawahi kufika. Kaskazini, njia ya karibu inaishia Mpanda. Kusini inapita Tunduma na Mbeya. Ukitaka kuona taruma kwa macho yako lazima upande basi, upande wowote uelekee, zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo mtu wa Milanzi anapotoa maoni kuhusu mgomo wa reli, anazungumzia watu ambao hajawahi kuwaona wakifanya kazi. Hajamwona fundi wa njia akitembea juani na spana begani akikagua bolti. Hajamwona dereva wa treni akiingia zamu usiku asijue kama kichwa alichopewa kitafika. Anachokiona ni matokeo: treni haikuja.

Hata hivyo reli imeishi ndani ya maisha yetu kuliko tunavyokiri. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na mgodi ulipofungwa njia ikabaki. Rukwa ilipokuwa miongoni mwa ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, mahindi yetu yalisombwa kwa malori hadi Mpanda, yakapakiwa kwenye mabehewa kwenda kulisha miji. TAZARA nayo, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, iliwafungulia wafanyabiashara wetu njia ya pwani kupitia Tunduma. Mama zetu wamesafiri na maharage na samaki wakavu katika treni hiyo. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imekuja juzi tu, katika muongo uliopita. Kabla yake, masika yakichachamaa, stesheni ndiyo iliyokuwa alama kwamba umetoka salama kwenye tope.

Kwa hiyo malalamiko ya abiria ni ya kweli, na sitaki kuyapita haraka. Treni ikisimama, anayeumia kwanza si waziri wala mkurugenzi. Ni mama aliyekata tiketi ya daraja la tatu kwa sababu nauli ya basi imemshinda, aliyebeba chakula cha safari ya siku moja na nusu na sasa anakigawa kwa siku nne. Ni mgonjwa anayekwenda kliniki. Ni mfanyabiashara wa ndizi aliyeko katikati ya njia, kwenye stesheni isiyo na barabara, ambako treni ndiyo soko lenyewe. Mtu wa aina hiyo akisema mgomo umemdhulumu, hasemi uongo. Mgomo wa usafiri una ukali huu ambao mgomo wa kiwandani hauna: unampiga mtu wa tatu.

Sasa tuangalie upande wa pili kwa utulivu uleule. TAZARA ni mali ya serikali mbili, Tanzania na Zambia, nusu kwa nusu. Katika miaka yake bora, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Kufikia 2014/15 mzigo ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 100,000. Vichwa vya treni vilikufa bila kurithiwa, mabehewa yakachakaa, malori yakachukua shaba na mbolea. Shirika likakosa mapato, na mishahara ikawa inasubiri hazina za nchi mbili zikumbuke. Fundi wa karakana hakuipanga hali hiyo. Alikuja kazini, akafunga nati zake, mwezi ukaisha, akaambiwa asubiri. Wa pili, asubiri. Wa tatu. Duka la mtaani halikopeshi tena, mwenye nyumba anagonga, ada ya shule inadaiwa.

Ukimwona huyu amekalia reli, mwulize swali ambalo hatukumuuliza yule kijana wa Mandela kwa kuwa jibu lilikuwa wazi mbele ya macho yetu: unadai kuongezwa, au unadai chako? Kwa maoni yangu mjadala wote unapaswa kuanzia hapo, na kwa kawaida hauanzii hapo. Redioni na vijiweni neno linalotumika ni moja tu, mgomo, na ndani yake tunachanganya anayeomba nyongeza na anayeomba malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Mgomo wa kudai nyongeza nao una historia yake. Oktoba 2007 Reli ya Kati ilipokabidhiwa kampuni ya ubia, RITES ya India ikiwa na asilimia 51 na serikali 49, wafanyakazi walitarajia mwajiri mpya aje na kima cha chini kipya. Kilichofuata ni mivutano ya mishahara, treni kusimama, na serikali kulazimika kuingilia kati. Ubia uliotakiwa kudumu miaka 25 haukufika hata mitano. Mwaka 2011 hisa zote zilirudi serikalini. Lawama nyingi za wananchi zilielekezwa kwa mwekezaji, na wafanyakazi wakapata huruma ambayo wenzao wa TAZARA hawakuipata. Nadhani ni kwa sababu mwekezaji alikuwa mgeni na anayeonekana. Deni la serikali mbili kwa fundi wake halina sura, na mahali ambapo mdaiwa haonekani, hasira humwangukia anayedai.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo wengi wetu hatulijui, nami nililielewa kwa kuchelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua haki ya kugoma. Inataja huduma muhimu ambazo mgomo umezuiwa: maji na usafi, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege, na usafiri unaohitajika kuziendesha huduma hizo. Reli yenyewe haimo katika orodha hiyo. Sheria inataka kwanza mgogoro upelekwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zipite siku 30, chama kipige kura, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48.

Lakini hatua zote hizo ni za mgogoro wa maslahi, yaani pale mfanyakazi anapodai kitu ambacho bado hana, kama nyongeza ya mshahara. Anapodai alichokwisha kuahidiwa na mkataba au sheria, hilo linaitwa lalamiko, na lalamiko halina mgomo halali. Linapelekwa kwenye uamuzi wa Tume na mahakamani. Tafsiri yake kwa mtu wa kawaida ni hii: ukitaka uongezewe, unaweza kugoma kwa kufuata taratibu. Ukiwa hujalipwa kabisa, nenda kafungue shauri.

Naelewa mantiki ya wanasheria, kwamba haki iliyokwisha kuandikwa ina hakimu wa kuisimamia na haihitaji nguvu. Lakini hakimu hampikii mtu ugali wakati shauri linaendelea. Mfanyakazi aliyekaa miezi mitatu bila mshahara anaambiwa kusimamisha kazi ni kosa, ilhali aliyesimamisha malipo hakuna anayesema amegoma. Kiswahili chetu hakina hata neno la mgomo wa mwajiri asiyelipa. Tunasema mshahara umechelewa, kana kwamba mshahara una miguu na umekutana na foleni njiani.

Nikirudi nyumbani, nakiri kwamba ukali wa watu wetu kwa wafanyakazi wa mshahara una mizizi. Mkulima wa Ufipa anakata matuta, anafukia majani yaoze, anapanda, anapalilia, anavuna, na mwisho wa yote bei anapangiwa. Hana wa kumgomea. Mwaka huohuo wa 2014 mavuno ya mahindi yalikuwa makubwa kupita kiasi, na wakulima wengi waliouza kwa serikali walikaa miezi wakisubiri fedha zao. Wangegoma vipi? Wasilime? Tumbo lingekuwa la kwanza kuwaadhibu. Kwa hiyo anaposikia mwenye ajira ya kudumu amegoma, moyo wake unasema huyu angalau ana wa kumdai. Mei Mosi ya 2025 Rais Samia alipotangaza kule Singida kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, mazungumzo niliyoyasikia Milanzi yalikuwa ya bei ya sukari na nauli zitakazopanda, na ya wao wenyewe ambao hawamo katika hesabu hiyo.

Lakini tazama jinsi 2014 ilivyotuweka pamoja bila sisi kujua. Fundi wa TAZARA na mkulima wa Rukwa walikuwa wanadai mdaiwa mmoja, kwa msimu mmoja, kwa sababu inayofanana: walikwisha kutoa jasho, fedha haikutoka. Badala ya kutambuana, mmoja alimlaumu mwenzake kwa kusimamisha treni.

Tumelelewa pia kuuogopa mgomo, na malezi hayo yana tarehe. Mwanzoni mwa 1960 wafanyakazi Waafrika wa reli ya Tanganyika, chini ya chama chao cha TRAU, waligoma kwa siku 82. Mwajiri wao alikuwa shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lenye makao Nairobi, na katibu mkuu wa chama alikuwa Christopher Kasanga Tumbo. Siku 82 ni msimu mzima wa kupalilia na kuvuna. Mgomo huo ulidumu muda mrefu kuliko ule wa Septemba 1947, uliowashwa na makuli wa bandari ya Dar es Salaam na kupanda juu kufuata njia ya reli. Katika siku zile mgomo na harakati za uhuru vilikuwa ndugu. Aliyegoma alikuwa shujaa wa kijiweni.

Uhuru ulipopatikana, undugu huo ukavunjika. Mwajiri mkubwa sasa alikuwa serikali yetu wenyewe, na hoja ikawa kwamba nchi maskini haiwezi kujengwa huku watu wake wakiweka zana chini. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, wala sitawadharau walioitoa. Sheria ya 1962 iliubana mgomo mpaka ukawa karibu hauwezekani, na mwaka 1964 vyama vyote vikaunganishwa kuwa kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Tumbo, aliyekuwa mbunge wa jirani zetu wa Mpanda, alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu mwaka huohuo wa 1962 na kugeuka mpinzani, na baadaye akawekwa kizuizini.

Na hapa ndipo mji wetu unapoingia katika historia hii, kwa njia ambayo shuleni hatukufundishwa. Januari 1963 Victor Mkello, rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa, alituhumiwa kuchochea migomo isiyo halali. Adhabu yake ilikuwa kuhamishiwa Sumbawanga. Ndiyo, hapa petu. Kwa waliokata shauri Dar es Salaam, huu ulikuwa mwisho wa dunia, mahali ambapo mtu anaweza kusema atakalo na asisikike.

Kila nikilifikiria hilo nasimama kidogo. Mashamba aliyoyaongoza Mkello yalikuwa ya mkonge, na mkonge wa Tanga ulikatwa na manamba waliotoka mbali, wakiwemo vijana wengi wa Ufipa. Walimleta mtetezi wa manamba kumtenga katika nchi ya manamba wenyewe. Sijui kama kuna waliomtambua akipita sokoni. Lakini walikuwapo watu hapa ambao miili yao ilikuwa na alama za miiba ya kazi aliyokuwa akiisemea.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Katika miaka ya 1950 aliandikishwa, akapanda lori hadi Mpanda, akaingia kwenye treni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akashuka Morogoro, na lori jingine likamfikisha kwenye shamba moja la Tanga ambalo jina lake sitalitaja. Alikaa huko miaka miwili na ushee. Alirudi na blanketi, baiskeli, na Kiswahili cha pwani alichokitumia alipotaka kutugombeza.

Vijana wa leo wa SGR, wanaosafiri Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache tangu huduma ilipoanza mwaka 2024, hawawezi kuijua reli aliyoisimulia babu. Nao watakaoipanda TAZARA baada ya ukarabati wa dola bilioni 1.4 uliokubaliwa na kampuni ya China mwaka 2025 wataikuta njia nyingine. Nafurahi, kwa dhati. Nimesoma habari nyingi kuhusu mataruma mapya, vichwa vipya na tani zitakazobebwa. Ningependa kusoma pia, kwa herufi kubwa zilezile, tarehe ambayo mshahara wa mfunga bolti utakuwa unatoka kila mwezi, na ni nani atawajibika usipotoka. Watu wa Milanzi wangeisoma habari hiyo wakaielewa mara moja, kama walivyolielewa lile kofi kwenye gunia.

Babu alipofariki nilirithi kopo la chai alilowekea vitu vyake. Ndani mna risiti ya baiskeli, picha moja iliyofifia, na kipande. Kipande kilikuwa kadi ya kazi: vyumba 30, kimoja kwa kila siku uliyomaliza mkato wako wa mkonge, na malipo hayakutoka mpaka kadi ijae. Karatasi imegeuka rangi ya majani makavu, na pembe zake zimelainika kama kitambaa. Nyampara aliweka alama kwa kalamu ya risasi, mistari mifupi iliyolala upande, siku baada ya siku, hadi chumba cha 26.

Nilimuuliza babu mara moja, nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari, kwa nini hakuimaliza. Alisema mkato ulirefushwa bila malipo kuongezwa, na wao hawakukubali. Hakutumia neno mgomo. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alisema, tulikaa. Walikaa siku kadhaa, kisha kadi zao zikahesabiwa zimeharibika, na kila mtu akapewa mpya ya kuanzia namba moja.

Hiyo ya zamani hakuirudisha. Aliificha kwenye soli ya kiatu, akasafiri nayo Morogoro, Tabora, Mpanda, hadi Milanzi. Siku 26 hizo hazikulipwa. Chumba cha 27, cha 28, cha 29 na cha 30 ni vyeupe mpaka leo.